Chanuo la Chawa na Zamu ya Kisima

Jumatano, katikati ya Shaabani. Upepo wa vumbi tangu alfajiri, jua jeupe, hakuna wingu hata la kudanganyia.

Leo nimeshindwa kukaa. Nimefagia duka mara mbili, nimepanga sabuni, nimezipangua, nimetoka nje, nimerudi. Vijana wa waya wamechimba mtaro mbele ya maduka yetu hapa Iftin, na mmoja wao alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anachuna waya taratibu kama mtu anayemenya muwa. Ndani yake zikatoka nyuzi nyembamba kama unywele. Nikamuuliza kama ni shaba. Akasema, "Hapana mama, hiki ni kioo. Habari zitapita humu kwa mwanga." Akachomeka kitochi chekundu kwenye ncha, akamwita mwenzake aliyekuwa mwisho wa mtaro, kule msikitini: "Unaona?"

"Bado!"

Akachomoa, akafuta ncha kwa kitambaa, akarudisha. "Sasa je?"

"Naona! Naona!"

Mteja aliniita mara tatu, mimi nimesimama na paketi ya majani chai mkononi kama niliyepigwa. Maneno hayo, unaona, bado, sasa je, niliyasikia kila siku kwa msimu mmoja mzima nilipokuwa mdogo, upande wa Bute, kabla mnara wa simu haujafika huko. Tangu asubuhi yananizunguka kichwani kama nzi. Basi nayaandika nipumzike, ingawa sijui kama nitaweza. Niliishia darasa la sita. Tena mengine sina hakika kama niliyaona kwa macho yangu au nilisimuliwa mpaka nikadhani niliyaona. Nikiwa na shaka nitasema.

Mwaka ule mvua ilitukataa. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe Moyale kuuza, na nyumbani tulibaki Hooyo, yaani mama yangu, kaka yangu Abdi, mimi, na abti Bishar, ndugu yake Hooyo. Tulikuwa na mbuzi, na ngamia wachache. Wa rika langu mliolelewa na mifugo mnajua habari ya zamu ya kisima, lakini kwa asiyejua nitaeleza. Maji yanapandishwa kwa ndoo na kamba, kidogo kidogo. Kwa hiyo kila boma lina wakati wake wa kunywesha kwenye hori. Ukichelewa, anayekufuata anaingia, na wewe unarudi mwisho wa mzunguko. Hakuna chuki ndani yake, ndiyo sheria. Tena mifugo haisubiri karibu. Mnyama mwenye kiu akinusa maji hashikiki, atavamia hori la mwenzako, na hapo fimbo ndizo zinazozungumza. Kwa hiyo mifugo inakaa mbali, na mtu anakimbia kuwaambia wachungaji: zamu imekaribia, njooni.

Zamu iliyotangulia sisi tuliikosa, Abdi akiwa bado njiani anakimbia. Mbuzi walikuwa wamebaki macho na mifupa. Hooyo alisema neno moja tu: tukikosa na hii, tutahesabu ngozi. Abti akamwambia, "Dada, hii hatutaikosa. Niachie mimi."

Abti alikuwa amefanya kazi Garissa miaka mingi, kwenye studio ya picha. Studio ilipofungwa alirudi kwetu na sanduku la bati badala ya mifugo, na mtu mzima asiye na mifugo kwetu anaongea akiwa amekaa pembeni kidogo. Ndani ya sanduku mlikuwa na kioo kile ambacho wateja walijitazamia kabla ya kupigwa picha. Kilikuwa kimepasuka njiani, akachukua kipande kikubwa kama sahani. Akakwangua rangi ya nyuma, katikati kabisa, mpaka likapatikana tundu la kuona, dogo kama punje ya mtama. Mbele yake akasimika kijiti. Nilimtazama akifanya hivyo asubuhi nzima nami sikuelewa, lakini sasa naelewa, au nadhani naelewa: anachungulia kwenye tundu, anapanga ncha ya kijiti na mahali Abdi aliposimama, halafu anainamisha kioo mpaka kile kivuli kidogo cha tundu kikae juu ya ncha ya kijiti. Kikikaa hapo, mwanga umemfikia Abdi. Kikiteleza, umepotea angani.

Wakaanza kujaribu. Kila siku Abdi alikwenda mbali zaidi, na akiona mwanga ananyanyua shuka lake jeupe juu. Abti alikuwa anapiga kelele, "Unaona?" ingawa Abdi hakuweza kusikia kitu. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake, namjibu, "Bado." Anafuta kioo kwa pindo la kikoi, anainamisha kidogo. "Sasa je?" Siku nyingine kijiti kilikuwa kimesukumwa na mbuzi. Siku nyingine kioo kilikuwa na mafuta ya vidole vyangu, nikafukuzwa. Wakakubaliana lugha: mwanga mmoja mrefu, njooni, mwanga wa kupepesa kama jicho lenye mchanga, simameni. Mimi niliamini ile sauti yake ya "unaona" inapanda juu ya mwanga na kuteremkia sikioni kwa Abdi. Kwa hiyo nikawa nakiambia kioo siri zangu.

Hooyo alikuwa anapita na kuni kichwani. "Waryaa, Bishar! Ukimaliza kujitazama, maji ya chai yamekwisha."

"Sijitazami, dada. Nazungumza na mwanao."

"Mwanangu ana masikio. Tembea ukazungumze naye."

Sitaki kumwonea Hooyo. Alikuwa amechoka, na kioo hakikuchota hata kikombe. Wala sitaki kumwonea abti, kwa sababu kile kitu kilifanya kazi. Abdi alikiona kutoka kilimani, nusu siku ya kutembea, akatuapia wallahi kwamba kilimchoma macho kama nyota iliyoanguka mchana.

Lakini abti hakutulia. Alisema kuita ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujua walioitwa wamefika wapi. Nchi ile ni tambarare na mchana ardhi inacheza kwa joto, huwezi kujua kama ngamia yuko mbele ya mti au nyuma yake. Akachukua chanuo la Hooyo, lile la meno membamba la kutolea chawa, akalifunga uzi. Ncha ya uzi anaiuma, chanuo analisukuma mbele mpaka uzi unyooke, ili liwe mbali na jicho kwa kiasi kilekile kila mara, halafu anahesabu ngamia amefunika meno mangapi kutoka kwato hadi nundu. Abdi alimpeleka ngamia kusimama kwenye mawe meusi: jino moja. Kwenye mgunga uliokatika: meno mawili. Karibu zaidi, unaposikia kengele ya shingoni: matatu na kuendelea. Walirudia mpaka ngamia akaanza kumtemea Abdi.

Mimi nililielewa chanuo kwa njia yangu. Niliona kwamba kila meno yakiongezeka ngamia yuko karibu, nikaamini chanuo ndilo linalomvuta. Kwa hiyo ukiacha kuangalia, anaacha kuja.

Siku ya zamu, abti na mimi tulikuwa kisimani tangu jua lilipochomoza. Kambi yetu ilikuwa upande wa mashariki, jua likatukabili vizuri, na mzee wa kisima alipotuambia tunafuata, abti akapiga mwanga mmoja mrefu. Nikaona kitone cheupe kikipanda na kushuka mbali sana. "Naona! Naona!" Watu waliokuwa wakivuta kamba wakacheka na kupiga makofi, na abti akavuta shati lake kama anayekwenda kupigwa picha.

Kisha tukangoja. Aliyetufuata kwa zamu alikuwa Haji Dahir, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, na ng'ombe wake walikuwa nyuma ya kichaka wanalia. Kilio cha ng'ombe mwenye kiu kinaingia tumboni. Nilikuwa natembea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, abti ananiambia nikae, nakaa, nasimama. Hori letu lilikuwa limeshajazwa, maji yametulia, hakuna wa kuyanywa.

Jua lilipokuwa limepita utosi na kuanza kushuka, vumbi likaonekana. Abti akauma uzi. "Meno mawili," akasema kwa meno yaliyobana, mate yakimtoka. "Wako kwenye mgunga."

Haji Dahir akaja. "Bishar, watu wako wapi?"

"Wamekaribia, adeer," akamwita ami kwa heshima. "Meno mawili."

"Meno ya nani?"

"Ya chanuo."

Haji akacheka hadi ndevu zikatikisika. "Mimi nimepima mifugo kwa vumbi, nimepima kwa kengele. Kwa chanuo la chawa, leo ndiyo mara ya kwanza." Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Ng'ombe wangu unawasikia. Nitaswali alasiri, na nitaswali polepole kwa ajili yako. Nikitoa salamu na wao hawapo, naingia."

"Ni haki," abti akasema.

Nami nasema ni haki. Angeweza kuingia palepale. Aliswali polepole kweli, alisujudu mpaka nikadhani amelala. Mimi nilipewa chanuo nishike wakati abti naye anaswali, na sikuthubutu hata kufumba jicho, machozi yananitoka kwa kukodoa, kwa sababu ningeacha kuangalia wangesimama. Meno mawili. Bado mawili. Mawili na kidogo.

Haji alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akatazama tambarare. Hakukuwa na kengele. Akawapungia wanawe mkono, na ng'ombe wakaja kwenye maji yetu.

Hakuna aliyepiga kelele. Abti alichukua chanuo kwangu, akauma uzi, akatazama, akautoa mdomoni. "Haiwezekani. Wangekuwa wamefika." Akatazama tena. "Kile kitu juu ya ngamia ni nini?"

"Nyumba," nikasema.

"Nyumba gani?"

"Nyumba yetu."

Niliiona tangu vumbi lilipotulia, miti yake iliyopinda imesimama juu ya nundu kama mbavu, mikeka inapepea. Hakuna aliyeniuliza. Tena nyumba juu ya ngamia si jambo la kutangaza, ni kama kutangaza kwamba mbuzi ana mkia.

Haji alikuwa amesikia. "Uliwaambia nini kwa hicho kioo?"

"Njooni."

"Ulimwambia nani?"

"Abdi."

"Na Abdi akamwambia mama yake, abti anasema njooni." Haji akapiga kiganja juu ya kiganja. "Sasa mwanamke akiitwa njooni na mwanamume aliyetangulia, ataiacha nyumba yake amwachie nani? Atavunja, atapakia, atakuja. Asubuhi yote imeishia kwenye kufunga kamba! Na wewe unampima ngamia mwenye nyumba mgongoni, lazima aonekane mrefu, lazima aonekane karibu. Bishar, umekaa mjini mpaka umesahau kwamba nyumba hutembea."

Watu walicheka, na abti mwenyewe alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya wageni. Abdi, ambaye sasa ni mtu mzima na tunaishi naye mji mmoja, anasema Hooyo alielewa vizuri kabisa kwamba walioitwa ni mifugo tu, ila alitaka kuhamia karibu na kisima ili aachane na habari za vioo. Nilimuuliza Hooyo kabla hajafariki. Alisema, "Niliambiwa njooni." Siwezi kuongeza wala kupunguza.

Kicheko kilikatika kwa sababu upepo uligeuka. Ulikuwa unatupiga usoni, ghafla ukatupiga kisogoni, ukipita juu ya hori kwenda kwao. Nikaona shingo za ngamia zikinyanyuka zote pamoja.

"Wasimamishe," Haji akasema haraka. "Wasimamishe sasa hivi! Wakija na kiu hiyo juu ya ng'ombe wangu, wanangu hawatavumilia, na wewe una dada pale na watoto."

Abti alirukia kioo. Lakini jua lilikuwa limeshavuka, liko nyuma yetu upande wa magharibi, na kioo kilipoelekezwa kwa Abdi hakikushika chochote, kilikuwa cheusi kama dirisha la usiku. Akakiinamisha hivi, akakiinamisha vile. "Nahitaji kingine," akasema. "Kimoja kilichote jua, kimoja kitume. Kuna mwenye kioo? Jamani, kioo!"

Haji Dahir akaingiza mkono kwenye shati lake, akatoa kioo kidogo cha duara, cha kifuniko.

"Aabo!" mwanawe akapaza sauti. "Kioo cha ndevu!"

"Nyamaza wewe. Bishar, nisimame wapi?"

Abti akamsimamisha mbele yake, pembeni kidogo, akilikabili jua. Haji akalichota, akalirusha nyuma kwenye kioo kikubwa, na mkono wake mzee ukawa unatetemeka, doa la mwanga likaruka tumboni kwa abti, shingoni kwa abti, machoni kwa ng'ombe. "Usipumue, adeer," abti akamwambia. Haji akaacha kupumua. Doa likakaa. Abti akachungulia kwenye tundu, akapanga kijiti, akaanza kupepesa kwa kofia yake: funika, funua, funika, funua.

"Unaona shuka?" akaniuliza.

"Bado." Ngamia wa mbele walikuwa wameanza kutembea kwa hatua ndefu.

"Sasa je?"

"Bado, abti."

"Haji, kushoto kidogo. Hapo. Sasa je?"

Nilikodoa kwanza, kwa sababu niliogopa kusema uongo. Kisha kile kitone kikapanda, cheupe, kikashuka, kikapanda tena, na nikaona watu wadogo wakikimbilia vichwa vya ngamia na ngamia wakipiga magoti mmoja mmoja. Nyumba yetu ikashuka chini polepole, ikatulia.

Haji Dahir alivuta pumzi kama aliyetoka kisimani. Akakifuta kioo chake, akajitazama ndevu, akakirudisha. Zamu ilikuwa imekwenda, hilo halikubadilika, wala yeye hakujifanya kulibadilisha. Lakini alitujazia madumu mawili kwa mkono wake mwenyewe, maana maji ya kunywa ya watu hayana zamu. Akamwambia abti, "Alfajiri walete mbuzi wanaonyonyesha na wadogo wao, wanywe mabaki ya hori. Wengine wasubiri mzunguko." Abti akasema Mungu amlipe.

Tukatembea kwenda kwao, yeye na madumu, mimi na chanuo. Mimi niliuma uzi nikaitazama ile nyumba niivute. Meno mawili, kisha matatu, kisha matano, nami nafurahi jinsi inavyokuja, mpaka nikajikwaa kwenye jiwe na uzi ukanitoka mdomoni, na nilipoinuka nikaona Hooyo ameshaisimamisha nyumba, miti yake imo ardhini. Haikuwa imekuja popote. Tuliokuwa tunasogea ni sisi. Sijui kwa nini jambo hilo liliniuma kiasi kile, kwa mtoto mdogo. Niligeuka kutazama nyuma, kisima nacho kimekuwa kidogo.

Hooyo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwanga ulisema njoo, nikaja," alimwambia ndugu yake. "Mwanga ukasema simama, nikasimama. Sasa uambie uninyweshee mbuzi."

"Dada, nimekosea hesabu."

"Najua." Akatazama madumu, akayapokea, na sauti yake ikashuka. "Najua, Bishar. Weka chini upumzike."

Lakini hakupata kupumzika. Mmoja wa mbuzi wa maziwa, aliyetembea siku nzima na ndama wa ngamia wakimsukuma, alikuwa amelala ubavu kivulini mwa nyumba na hakutaka kuinuka. Hooyo alimmwagia maji mdomoni, yakatoka pembeni. Abdi anasema mbuzi yule alikuwa mgonjwa tangu kilimani na angekufa hata kama tungepata zamu. Huenda. Mimi nakumbuka alikuwa mzima, lakini nilikuwa mdogo na nilimpenda. Mnyama akifika hapo humwachi afe mwenyewe, nyama itakuwa haramu. Hooyo akamtazama abti, kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa aliyekuwepo, akamnyooshea kisu kwa mpini. Abti akamgeuza mbuzi kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja.

Jua likazama. Mimi nilinusa nyama, na sikuwa nimeinusa tangu kabla ya ukame, nikaelewa mambo yote kwa mara moja: tunasherehekea kioo. Watu walisimamishwa kutoka mbali kwa mwanga, na Haji mwenyewe alishika, kwa nini tusichinje? Hooyo alitoa ini kwanza, akaliweka kwenye sahani ndogo, akampa abti. "Kula. Umetembea." Abti alilishika muda mrefu, akala. Nikapiga makofi. Nikasema, "Abti, kesho tufanye tena!" Abdi akanipiga kiwiko. Abti akaniwekea mkono kichwani, akasema haye, tutafanya.

Tulikula nyama ya kuchemsha kwa maji ya Haji Dahir, na supu yake, na mafuta kidogo juu. Nikaomba niongezwe. Hooyo akaniongeza.